Pampu Isiyopenda Mlima

Kitu chenyewe kilikuwa bati la mviringo, upana na unene wa kopo la dawa ya viatu, na kilikaa chini ya ngozi ya tumbo langu, kushoto kwa kitovu. Ukinigonga hapo kwa bahati mbaya, unaumia wewe. Kwenye bati hilo palitoka mrija mwembamba sana, ukazunguka kiunoni kwa ndani mpaka kwenye uti wa mgongo, na huko ulikuwa unadondosha dawa ya maumivu kidogo kidogo, mchana na usiku, nikila, nikisali, nikigombana na watu. Nataja kugombana kwa sababu miaka ile ndicho nilichokuwa nakifanya zaidi.

Niliwekewa Ujerumani. Nilikwenda huko kupitia mambo ya kanisa, nikaishia kuwa mpishi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na siku moja ya barafu niliteleza kwenye ngazi za nyuma nikiwa na sufuria la supu. Supu ikamwagika, mgongo nao ukaenda. Walinipasua, wakanipasua tena, na kila nilipozinduka nilikuta maumivu yananisubiri pale pale kitandani. Asikudanganye mtu, maumivu ya mgongo hayazoeleki. Nilifika mahali siwezi kuvaa soksi mwenyewe, siwezi kukaa ibada nzima, siwezi kumsikiliza mtu akiongea bila kumchukia. Ndipo madaktari wakaniambia kuna pampu.

Haina betri, walinieleza. Ndani ina vyumba viwili, kimoja cha dawa na kingine cha gesi. Joto la mwili linaitanua gesi, gesi inaisukuma dawa, dawa inatoka tone kwa tone. Ikikaribia kwisha, daktari anachoma sindano juu ya ngozi, anaingia katikati ya bati, anajaza upya. Wakanipa na makatazo yao. Nisioge maji ya moto sana, nisiingie kwenye vile vyumba vya mvuke ambamo wanakaa uchi wanatoka jasho. Nikawaambia wasiwe na shaka, mimi ni Mlutheri. Waliniuliza pia kama naishi milimani. Nikasema hapana, naishi ghorofa ya nne.

Baba alikuwa ameshafariki wakati huo, na mama alibaki peke yake mlimani Machame, kwenye kihamba chetu, yaani lile shamba la nyumbani la migomba na kahawa ambalo kwetu sisi ndilo nyumba na ndilo makaburi. Kaka zangu walikuwa Dar wanatafuta maisha, wanapanda mlimani Krismasi kwa Krismasi, wanachinja mbuzi, wanapiga picha na mama, wanaondoka. Mimi niliamua kurudi moja kwa moja. Nilirudi kwa jambo moja tu, kukaa na mama yangu miaka yake iliyobaki, na mgongo wangu ukiwa umetulia ningeweza.

Dawa ningejaziwa wapi? Hapo nilikuwa na bahati. Serikali ilikuwa imeruhusu tena kliniki za watu binafsi, na mjini Moshi kulikuwa na daktari wa usingizi, Mhindi wa pale pale, aliyezaliwa nyuma ya duka la vitambaa la baba yake, akaenda kusoma nje, akarudi. Pampu kama yangu alishawahi kuzijaza alikosoma. Dawa ilichanganywa Ujerumani na kutumwa kwa vifurushi, kila kifurushi dozi ya kujaza mara moja, pamoja na vibali vya kutosha kuezekea banda la kuku. Akanijazia, akaniambia, "Haya dada, nenda kapumzike kwa mama."

Nikapanda Machame. Mama alinikumbatia, akahisi kile kitu, akanivua blauzi palepale jikoni kama nina miaka mitatu.

"Hawa watu wamekusahaulia sahani tumboni?"

"Ni pampu, mama."

"Ya maji?"

"Ya dawa."

"Na anayeikanyaga ni nani?"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Yeye hakucheka. Alilipapasa lile bati kwa kiganja, akakunja uso, akasema, "Chuma ni kitu cha baridi. Mtu ataachaje kuumwa?" Akaenda kubandika maji.

Lazima nieleze hapa. Kwetu mwanamke akijifungua anarudishwa kitandani. Analishwa mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, analishwa maziwa na mafuta, na mama yake anamkanda kwa kitambaa cha maji ya moto asubuhi na jioni, tumbo, kiuno na mgongo, mpaka mwili urudi mahali pake. Mama yangu aliwakanda wake wa kaka zangu wote, akawakanda na wa jirani. Mimi hakuwahi kunikanda, kwa sababu sikujaliwa mtoto. Hakuwahi kulisema hilo, wala mimi sikulisema. Lakini alipoingia chumbani na beseni linalotoa moshi, khanga ameifunga kifuani, uso wake ulikuwa wa mtu aliyeingoja kazi hii kwa muda mrefu sana. Ningemkatalia vipi?

Akanikanda. Jamani, sikuwahi kuona raha kama ile. Maumivu yaliyokuwa yamebaki chini chini, yale ambayo hata pampu ilikuwa haiyafikii, yaliyeyuka. Nikalala. Nikaamshwa kula mtori, nikalala tena. Siku zikaenda hivyo. Pua ilikuwa inaniwasha, miguu mizito, naanza sentensi siimalizi, lakini nani anajali mambo hayo mgongo ukiwa umenyamaza? Jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji, mwanamke mwenye mdomo mrefu kuliko barabara ya kwenda mjini, alitangaza mpaka kanisani kwamba Wazungu wameshindwa, mama kaweza. Watu wakaja kutazama. Mama akawa anatembea kifua mbele. Mimi mwenyewe niliamini, kwa nini nisiamini? Nilikuwa nimepona.

Alasiri moja mama aliniita chai, sikuitika. Akaja, akanitikisa, nikafumbua macho nikayafumba. Aliniambia baadaye kwamba nilikuwa navuta pumzi moja, halafu nakaa kama ninayetafakari kama kuna haja ya kuvuta nyingine. Akanizaba kibao, kisha akapiga ukunga. Jirani aliupokea ule ukunga akaupeleka mpaka barabarani, ikapatikana pikapu ya mtu aliyekuwa anashusha ndizi sokoni, wakanilaza juu ya mikungu. Huo mdomo niliousema vibaya ndio ulioniokoa, na nilimwambia hivyo baadaye, akanijibu kwamba anajua.

Daktari alinichoma sindano ya kunizindua, akavuta dawa iliyobaki kwenye pampu. Akakuta imebaki kidogo mno, kana kwamba mtu alikuwa anaiiba. Akapiga simu Ujerumani, akaongea muda mrefu, na kesho yake akaja kitandani kwangu, akamkuta mama amekaa kwenye stuli na rozari ya maswali yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Amelogwa?"

"Hapana. Niambie, huko nyumbani mnamfanyia nini?"

"Namlisha. Namkanda."

"Kwa maji ya moto? Hapa tumboni?"

"Sasa nimkande kwa maji ya baridi?"

Daktari akavuta kiti. Huyu mtu alikuwa na subira ambayo mimi sikupewa. Akamwuliza mama kama ameshawahi kuteremsha maziwa mjini kwa dumu la plastiki. Mama akamwambia ni mwanamke gani wa Machame ambaye hajawahi. "Ukilifunga kule juu likiwa nusu," akasema daktari, "likifika Moshi linakuwaje?"

"Linabonyea mbavu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hewa ya huku ni nzito. Inaliminya."

"Basi hiyo pampu ilipimwa kwenye hewa nzito, huko kwao karibu na bahari. Ukiipandisha Machame hewa ni nyepesi, haiiminyi, gesi inapata nafasi, inasukuma dawa kwa nguvu. Na ukiiwekea kitambaa cha moto juu yake, gesi inazidi kutanuka. Dawa yote inamwagikia mgongoni."

Wasomi wa huko nje walinieleza jambo hilo kwa michoro sikushika chochote, mama alilishika kwa dumu la maziwa. Nilimwona anavyolishika, na nikatamani daktari angenyamaza.

"Kwa hiyo ni mikono yangu," akasema.

"Ni moto, mama. Na ni mlima."

"Kwa hiyo nisimguse?"

"Mguse tu. Ila bila maji ya moto."

Akaitazama mikono yake pale mapajani, akaifunika kwa khanga. Nilimkasirikia daktari, nikaikasirikia pampu, nikawakasirikia Wajerumani na gesi yao. Mimi huwa nakasirika pale ambapo watu wengine wanalia.

Kisha daktari akaniambia yangu. Kukandwa basi. Na kuhusu mlima, anaweza kuizimua dawa, iwe hafifu, ili hata ikienda mbio isinilevye. Tatizo ni kwamba pampu ina ujazo wake, haiongezeki. Huko juu itakauka mapema, kabla kifurushi kingine hakijafika, na dawa inayobaki baada ya kuzimua haihifadhiki, inamwagwa. "Kwa hiyo ukiishi mjini, kifurushi kitakikuta kifurushi. Ukiishi juu, kutakuwa na wiki ambazo nitakujazia maji ya chumvi tu, ili mrija usizibe. Nitakupa vidonge, lakini utaumwa, dada, sikufichi. Na huu mtindo wenu wa kupanda Jumamosi na kushuka Jumatatu, usahau. Dawa ya mjini ukilala nayo mlimani itakulevya, ya mlimani ukikaa nayo mjini haitakutosha. Chagua mahali."

Chagua mahali! Umwambie Mchagga achague mahali! Sisi kazi ni mjini, kwetu ni mlimani, na maisha yenyewe ndiyo hiyo njia ya kupanda na kushuka. Lakini niliyakumbuka yale maumivu, nikaogopa. Nikachagua mjini. Nilipanga vyumba viwili mtaa wa Pasua, nikafungua mgahawa mdogo wa kuuza mtori na chapati, nikaajiri dada wa kuinama kwa niaba yangu, na nikamwambia mama ashuke tukae wote.

"Kule porini?" akasema. "Wanakofuga mbu?"

Wazee wa mlimani ndivyo walivyo. Kwao chini ni mahali pa kwenda kulima mahindi na kukata majani ya ng'ombe, kisha unapanda kabla jua halijazama. Kulala huko ni kutafuta kifo. Basi mimi nikawa napanda Jumapili baada ya ibada, nakaa saa chache, nashuka. Mama ananipikia, ananiwekea kiti, kisha anakwenda kukaa upande wa pili wa moto, mikono ndani ya khanga. Alikuwa hanishiki hata bega. Nikiaga ananipa vidole tu, haraka haraka. Nilikuwa nashuka na gari huku roho inaniuma, nafika Pasua nawafokea wateja.

Siku moja nikiwa nakaripia mtu wa mkaa, nikamwona mama mlangoni, na mkungu wa ndizi, na godoro limefungwa kwa kamba. Ng'ombe alikuwa amemwachia jirani.

"Sogeza vyombo vyako," akasema. "Na hiki chumba kina joto gani, mnaoka watu humu?"

Tulikaa vizuri sana. Tuligombana kutwa nzima. Maji ya bomba yana harufu ya dawa, redio ya jirani inaanza kabla ya jogoo, ndizi za sokoni zimekatwa changa, mtori wangu mwepesi, wateja wangu hawasalimii watu wazima. Vijana wa Pasua wakajifunza kumwamkia kutoka ng'ambo ya barabara kabla hajawaanza. Usiku alilala upande wa ukuta na mimi upande wa nje, na mara nyingine akipitiwa na usingizi mkono wake ulisahau, ukanilalia mgongoni. Nilikuwa sisogei.

Masika yakaja. Mashamba ya mpunga ya Mabogini yakajaa maji, mbu wakapanda wingu zima mpaka kwetu. Nilimtundikia chandarua, akakitoa, anasema kinamziba pumzi. Mimi malaria ilinishika nikapona, naijua tangu shule. Yeye alikuwa na damu ya mlimani, haijawahi kupambana na kitu hicho. Ilimwangusha asubuhi kwa baridi, mchana akawa ananiita kwa jina la dada yake aliyekufa. Nilikaa naye wodini, dripu ya kwinini inashuka, masikio yanamvuma hasikii ninachosema, na mimi mgongo wangu umetulia kabisa, mzima kama mtu aliyetoka mapumzikoni. Nilijichukia kwa uzima ule.

Alipona, ila alitoka mdogo. Nguo zilimning'inia. Tulipofika chumbani Pasua alikaa kitandani, hakulalamikia hata joto.

"Nipeleke nyumbani," akasema. "Wewe baki."

"Mimi nilirudi kukaa na wewe, mama."

"Umeshakaa."

Nikatoka nje. Nilisimama uani kwenye kamba za nguo, nikatukana kwa Kijerumani, kwa sababu hayo ndiyo matusi ambayo yeye hayajui. Yeye chini hawezi, mimi juu siwezi, basi Mungu alitupanga vipi? Kisha nikaenda kliniki.

"Nizimulie dawa ya mlimani," nikamwambia daktari.

Akavua miwani. "Dada, unajua unachokiomba?"

"Najua."

"Hizo wiki za maji ya chumvi hazitakuwa za mchezo. Mama yako anajua?"

"Hayo hayakuhusu. Wewe jaza."

Akajaza. Mama nilimwambia kwamba wamegundua mchanganyiko mpya unaopatana na hewa ya juu, sasa naweza kukaa popote. Alinitazama kidogo, akasema Bwana asifiwe, akaanza kufunga godoro. Mgahawa nikamwachia yule dada, na sijajuta, anapika kuliko mimi.

Nisije nikafanya ionekane kwamba yalikuwa mateso matupu. Wiki nzuri zilikuwa nzuri kweli. Miaka hiyo bei ya kahawa ilikuwa imeanguka, watu wanang'oa mibuni wanapanda nyanya na maharage, na mama anapita njiani anawasema mmoja mmoja kwamba wanachimbua mifupa ya baba zao. Tulichambua maharage barazani. Tulimpa majina mabaya kila mchungaji mpya. Jioni tuliota moto, na taratibu akaanza tena kunisogelea, kwanza bega, kisha akawa ananisuka nywele, mikono mikavu, akihakikisha kila mara kwamba si ya moto.

Halafu pampu inakauka. Nashuka kliniki, najaziwa maji ya chumvi, napanda, na baada ya siku moja au mbili maumivu yanakuja kuchukua mahali pake. Nilikuwa namwambia mama nakwenda kutoa majani makavu kwenye migomba. Nakwenda mpaka mwisho wa kihamba, chini kabisa, kwenye mteremko wa mfereji ambako mtu wa nyumbani hasikii, napiga magoti, nakumbatia mgomba, nauma ncha ya khanga. Natoka jasho, natapika mara nyingine. Ikipungua nakusanya majani mawili matatu ya kuonyesha, narudi.

"Umemaliza?" anauliza.

"Bado kidogo."

"Migomba yetu mwaka huu itakuwa safi kuliko ya kanisa," anasema, anaendelea na kazi yake. Nikajipongeza kwamba nimeweza kumficha mama yangu jambo.

Asubuhi moja, mvua imekatika sasa hivi, nilikuwa chini kule, khanga mdomoni. Nikasikia fimbo yake kwenye matope. Mteremko ule alikuwa hajaushuka tangu augue. Niliona miguu yake peku mbele yangu, kisha akashika mgomba, akajishusha taratibu, akakaa kwenye majani yaliyolowa, yeye ambaye kukaa na kuinuka kulikuwa kazi ya nusu saa.

"Mama, rudi ndani, utapata baridi."

"Unadhani mimi ni mjinga?"

Nikaing'ata khanga tena.

"Nimekuzaa mimi. Ukiumwa nakujua kwa unavyonyanyua kikombe."

"Tangu lini unajua?"

"Tangu ile siku tulipopanda."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema ungeshuka."

Akautoa ule mkono kwenye khanga, akaniwekea mgongoni, pale pale penyewe, bila kupapasa, bila kukosea.

"Huko Ulaya ulikuwa unalilia wapi?" akauliza.

"Chooni. Nafungua bomba."

"Toa hiyo nguo mdomoni."

"Watu watasikia, mama."

"Wasikie. Shamba hili ni la nani?"

Nikaitoa. Ilitoka sauti ambayo sikujua kama ninayo, ikapita migombani, ikavuka mfereji. Nililia mgongo, nikalia na zile ngazi, nikalia na watoto ambao mama hakupata kunikanda kwa ajili yao. Mama hakunibembeleza. Alikaa na mkono wake pale pale. Mara tukamsikia jirani anakuja mbio anateleza, khanga amejifunga kiunoni tayari kwa msiba, anapaza sauti tangu mbali, "Jamani, nani amefariki? Nani amefariki?"

"Hajafariki mtu," mama akamjibu. "Ni mwanangu. Amefika nyumbani."